Nusu ya Fahali

Baba alianza kuchora mafahali kwenye vibao vya mabucha kabla sijazaliwa, na hakuwa na huruma na waliochora ovyo. "Hiyo ni meza yenye pembe," alisema siku moja mbele ya kibao cha mwenzake, na mwenzake yuko palepale. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukalala, wa kulia ukabaki mzima, nasi tukashukuru. Muda wote hospitalini hakuuliza kama atatembea. Aliuliza kama atachora.

Mwenye bucha alipokuja kuagiza kibao kipya, Baba alidai penseli. Akachora mezani bila kufuta hata mara moja, kisha akanisukumia karatasi.

"Haya, mwonyeshe."

Nilimtazama vizuri yule fahali. Pembe zilikuwa sawasawa. Shingo nene, nundu imelalia nyuma kidogo, goti la mbele lina kile kifundo ambacho wanaojifunza hukisahau kila siku. Mstari wa mgongo ulishuka kutoka kwenye nundu bila kutetereka, ukafika katikati ya karatasi, ukakatika. Tumbo nalo liliishia hapohapo. Hakukuwa na kiuno, wala miguu ya nyuma, wala mkia. Upande wote wa kushoto ulikuwa mweupe. Ndipo nilipoelewa kwa nini siku hizi alikula chakula cha upande wa kulia wa sahani tu, kisha akanigombeza kwamba nampunja.

"Amekamilika, mzee?" mwenye bucha aliuliza taratibu.

"Kuliko wewe."

Mwenye bucha alicheka kidogo, akasema atarudi. Nilijua harudi.

"Mbona kaondoka? Na wewe una nini usoni? Sema!"

 Nikaigeuza karatasi juu chini, ule weupe ukaja upande anaouona.

Baba aliinama. Kidole chake kilifuata tumbo la fahali mpaka lilipoishia, kikabaki hapo kikitafuta.

"Miguu ya nyuma iko wapi?" Sikuwa nimewahi kumwona Baba akiogopa, lakini siku ile nilimwona. "Mwanangu, nani kaifuta?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliniomba awepo mtu aliyeifuta.

"Mimi, Baba. Nimeifuta mimi."

Hapo hasira ikaja, nami niliipokea kwa mikono miwili. Alisema sina adabu, sina jicho, nisiguse tena kazi yake maisha yangu yote. Rangi ilimrudi usoni. Akavuta karatasi nyingine.

"Kaa hapo. Utazame fahali mzima anavyochorwa."

Nilikaa. Akaanza na pembe, akaja shingo, akaja nundu. Mgongo ulipofika katikati ya karatasi, aliinua penseli, akapuliza vumbi lake, akaniuliza nalia nini.