Mahadhi ya Saa Nne Asubuhi

Mjini Wolkenroda hapakuwa na mtu aliyewajua wezi kama Sibylla Knöpfel, na wala hakuwa askari. Alikuwa mnakili. Kila muziki uliotungwa kwa ajili ya jumba la mtawala ulipita mezani kwake ili autolee nakala, ya fidla kwa mpiga fidla, ya zumari kwa mpiga zumari, na mtu aliyenakili miaka kumi na tisa humdanganyi kwamba hiki ni kipya. Alijua kilichotoka Venisi, alijua kilichotoka Dresden, na alijua kilichochukuliwa kwa marehemu mpiga kinanda wa kanisa kabla hata maiti haijapoa.

Kuazima peke yake hakukuwa dhambi. Watunzi wote wa nchi zile waliazima, na wenye adabu walikilisha walichoazima mpaka mwenyewe akikutana nacho akikute kimenenepa. Adabu hiyo Riebesam na Vennemann hawakuwa nayo. Balthasar Riebesam, bonge la mtu, pua nyeusi kwa ugoro, alichukua kwa Waitalia akabadilisha kasi tu. Traugott Vennemann, mwembamba, wigi limemzidi kichwa, alichukua kwa Riebesam akabadilisha jina tu. Wote wawili walikuwa wanagombea cheo kimoja, ukuu wa bendi ya jumba, kilichokuwa wazi tangu Pasaka. Mtawala alikuwa amesema atakitoa siku ya kuzaliwa kwake, kwa mwenye muziki mzuri zaidi.

Basi asubuhi moja ya Septemba wakaleta kazi zao, mmoja kabla Sibylla hajanywa kahawa, mwingine kikombe kikiwa mkononi. Akachovya unyoya, akaandika mstari wa kwanza wa Riebesam, akatabasamu. Akafungua wa Vennemann, akacheka kwa sauti. Mahadhi yale yale, noti kwa noti. Kisha kicheko kikamkauka, maana alitambua yalikotoka.

Yalitoka mnarani. Baba yake, Zacharias, alikuwa mpiga tarumbeta wa mnara wa kanisa, na kila siku saa nne asubuhi alisimama kwenye roshani ya juu akaupulizia mji pande zote nne, kama wapiga tarumbeta wa minara walivyofanya huko kote. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipiga mahadhi hayo hayo. Aliyatunga wiki aliyomzika mama yake Sibylla, ili yafike kule kilimani alikolala. Watu wa mji walikuwa wameyasikia mpaka wakaacha kuyasikia: wanawake waliinjika kabichi yalipoanza, waokaji waliopoa mikate yalipokwisha. Na watunzi wawili, wakiwa bado na kofia za kulalia, wanakuna vichwa mbele ya karatasi tupu, yaliwaingia dirishani wakadhani ni Mungu anawanong'oneza.

Siku ya mazoezi bendi ilipiga kazi ya kwanza, ikapiga ya pili, na mpiga zumari akauliza kama wameambiwa warudie. Hapo ndipo moto ulipowaka. Kesho yake wote wakaitwa mbele ya mtawala, Mtukufu Anselm, pamoja na Sibylla na makaratasi yake. Mtukufu alikuwa anakula keki ya plamu.

"Mtukufu, huyu bwana amenichomekea mkono kichwani!" Riebesam alilia.

"Kichwani mwako? Niibe nini humo, mba?" Vennemann akamjibu.

"Nani alileta kwanza?" Mtukufu alimuuliza Sibylla.

"Bwana Riebesam, Mtukufu, kwa nusu saa. Lakini si yake. Wala si ya Bwana Vennemann. Ni ya baba yangu, yule wa mnarani."

Wote wakacheka, hata mtumishi wa keki.

"Mimi niibe kwa mpuliza tarumbeta?" Riebesam alijishika kifua. "Mtukufu, kama ni kukiri nakiri: niliyaazima kwa bwana mkubwa mmoja wa Napoli."

"Hata mimi," Vennemann akadakia. "Napoli huko huko."

Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana maishani mwao. Sibylla akaelewa. Kumbe kuiba hakukuwa aibu kwa mabwana hawa. Aibu ilikuwa kumwibia mtu anayekunywa supu kwa kijiko cha mti.

"Mtukufu, ukiona vyaelea, vimeundwa," alisema. "Aliyeyaunda yuko juu pale. Ingoje saa igonge."

Saa ikagonga. Dirisha lilikuwa wazi, na mahadhi yakaingia taratibu, yale yale yaliyolala mezani. Mtukufu akaacha kutafuna. Sibylla akasema moyoni, leo, baba, leo watalitaja jina lako. Mtukufu akasikiliza mpaka mwisho, akapangusa mdomo.

"Aibu iliyoje!" alisema. "Muziki wangu haujapigwa hata mara moja, na tayari umeshaibiwa mpaka mnarani!"

Amri ikatoka hapo hapo. Mnara ukae kimya mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Na mabwana watunzi walete mahadhi mapya kabla ya sherehe, kwani haya yamekwisha kuchezewa na watu wa chini.

Sibylla alipanda ngazi mia mbili na kumi na nne kwa miguu mizito kuliko siku zote.

"Wanasema nimeiba?" Zacharias aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wa Napoli."

"Mwanangu, mimi hata Erfurt hapo jirani sijafika." Akaipakata tarumbeta, akaifuta kwa mkono wa koti mahali palipokwisha kung'aa. Akasema, "Mama yako atadhani nimekufa." Sibylla akageukia ukutani ili baba asione machozi yake.

Mji ukaharibika kidogo kidogo. Kabichi zikaliwa mbichi, mikate ikaungua, na kila mtu akamlaumu mkewe au mwokaji wake. Lakini waliopata taabu kweli ni wale watunzi wawili. Wiki ya kwanza Sibylla hakuletewa hata mstari mmoja wa kunakili. Ya pili, vivyo hivyo. Mtumishi wa Vennemann alisimulia kisimani kwamba bwana wake hukaa dirishani kuanzia saa tatu na nusu, sikio nje, kama mtu anayemngoja mwenye maziwa.

Zilipobaki siku kumi kabla ya sherehe, Riebesam alipanda mnarani akihema, furushi la soseji kwapani. Alipofika juu akakuta wigi linachungulia nyuma ya kengele.

"Wewe! Unafanya nini huku?"

"Natazama mandhari," Vennemann alisema. "Na hizo soseji?"

"Za mandhari pia."

Zacharias aliwakaribisha viti. Sibylla, aliyekuwa amekuja kukaa na baba yake, aliendelea kuchonga unyoya wake, masikio wazi.

"Mzee wangu," Riebesam alianza kwa sauti ya asali, "hali yako? Hivi hupigi tena, hata kidogo? Hata chini chini?"

"Nimekatazwa, bwana."

"Lakini mengine unayo?" Vennemann aliuliza. "Kichwani? Yasiyowahi kusikika?"

"Yapo," alisema mzee. "Ila naogopa kuyapiga, nisije nikawa nimewaibia."

Vennemann akayaangalia makaratasi yaliyokuwa mezani. Riebesam akaziangalia soseji zake. Sibylla akasimama, akaweka mbele yao karatasi aliyokuwa ameiandika tangu siku ile ya amri: kwamba mahadhi ya saa nne ni ya Zacharias Knöpfel, na mabwana hawa waliyachukua kwake.

"Tieni sahihi, baba apate ruhusa ya kupiga."

"Binti Sibylla, huku ni kujichinja!" Riebesam alisema. "Mtukufu atatuuliza Napoli ilitoka wapi."

"Mwambieni mlipotea njia. Au shukeni. Ngazi ni zile zile."

Walitazama ngazi, wakatazamana. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na upepo wa mnarani ulikuwa mkali. Wakaomba nyoya mbili, wakatia sahihi kwa mpigo mmoja ili asiwepo wa kwanza.

Sibylla aliipeleka karatasi mwenyewe. Mtukufu aliisoma mara mbili, akawakumbuka wageni watakaotoka Gotha kuja kusikiliza muziki usiokuwepo. "Basi na apige," alisema. "Na ijulikane kwamba mimi nilijua tangu mwanzo."

Kesho yake saa nne Zacharias alisimama roshanini, akageukia kilimani kwanza, akapiga mahadhi ya zamani. Chini sokoni watu wakasimama na vikapu vyao, na safari hii wakayasikia. Alipomaliza akapumua, akapiga mengine, mapya, mepesi, ambayo hata Sibylla hakuwa ameyasikia. Sibylla akainama kutazama. Kando ya kisima walisimama wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wamepeana migongo, kila mmoja na penseli mkononi, wanaandika mbio mbio.

Hakuwapigia kelele. Aliingia ndani, akachukua karatasi tupu thelathini, za fidla, za zumari, za tarumbeta, na juu ya kila moja akaandika jina la baba yake kwa herufi kubwa. Wino ukakauka. Akaketi kungoja wale wawili wazilete noti.