Kibanda cha Mtu Mmoja

Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa nne na dakika kumi asubuhi, Arlys Tollefsrud aliingia duka la uvuvi la Darwin Kjos, akakung'uta theluji kwenye viatu, akatoa tepu ya kupimia mfukoni na kusema anataka kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu. Kiwe cha kukunja, cha mtu mmoja. Mumewe Verlyn aliingia nyuma yake akafunga mlango. Verlyn alikuwa amefariki Oktoba, akikusanya majani makavu uani, tukamzika Alhamisi na kula sandwichi kwenye ukumbi wa kanisa. Alirudi siku barafu ya ziwani ilipofika unene wa inchi nne. Maisha yake yote hakukanyaga barafu nyembamba kuliko hiyo, na kufa hakukumbadilisha.

"Umekonda, Verlyn," alisema Darwin.

"Huko hakuna siagi."

"Kahawa hiyo hapo. Jimiminie."

Yakaishia hapo. Sisi watu wa mji huu wa Nordby si watu wa kuhojihoji.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitamka. Ukutani, juu ya friji ya chambo, Darwin hubandika kila mwaka picha ya wolai mkubwa kuliko wote waliovuliwa msimu huo. Wolai ndiye samaki wetu, yule mwenye macho meupe kama ya kioo. Picha sita kati ya hizo ni za Verlyn, amekumbatia samaki na kutabasamu. Na samaki wote sita waliuma ndoana ya Arlys. Ufito wake wa kuvulia ukipinda tu, Verlyn alikuwa ameshanyoosha mkono: "Lete, mama, atakuponyoka." Naye anampa. Verlyn hakuwa mtu mbaya, jamani. Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti, na kahawa alimmiminia yeye kwanza. Lakini kwa miaka arobaini na mmoja, ndani ya kile kibanda chao cha mbao cha watu wawili, mama wa watu hakupandisha kwa mkono wake hata samaki mmoja wa kujaza sahani. Ukizitazama picha vizuri utaona pembeni vidole viwili vya Arlys, vimeshika mwisho wa tepu. Mimi jambo hilo huniudhi kila ninapokwenda kununua chambo, ila nami sijawahi kulisema.

Arlys alitaka kupandisha mkubwa mmoja mwenyewe kabla hajafa. Basi. Kibanda cha mbao alishakitoa sadaka kanisani.

Darwin alikuwa amesimamisha vibanda vitatu katikati ya duka. Cha kwanza kilikuwa chekundu, kina kiti chenye godoro. Arlys aliketi ndani. Verlyn akaingia, akajibana kwenye kona, akasema hapa pananitosha. Arlys akatoka. Cha pili kilikuwa cha buluu, chembamba zaidi, na Verlyn aliketi juu ya ndoo ya chambo, magoti yake yakigusana na ya mkewe.

"Wafu hawachukui nafasi kubwa, shemeji," alisema Darwin.

"Naona."

Cha tatu kilikuwa cheusi, kidogo mno, kimefungwa juu ya beseni la plastiki la kuburuta. Arlys akiketi, kitambaa kilimgusa mabega yote mawili na tundu la kuvulia la sakafuni likaangukia katikati ya viatu vyake. Verlyn alikizunguka mara mbili, akachungulia, akanyoosha mguu mmoja ndani, akaurudisha.

"Hiki ni cha mtu mmoja kweli," alisema.

"Ndiyo," alisema Arlys. "Nakichukua."

Desturi yetu ni kuandika jina kwenye kibanda. Darwin alichukua kalamu ya wino mzito na kuandika kwa herufi kubwa: MKE WA VERLYN TOLLEFSRUD. Arlys alimuuliza kama unafutika. Darwin alisema wino huo umetengenezwa usifutike hata baridi iwe kali vipi.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana Arlys alikiburuta mwenyewe hadi upande wa mashariki wa ziwa. Alipotoa keekee ya kutobolea barafu Verlyn alisema lete, naye akajifanya hajasikia. Alitoboa mwenyewe tundu la inchi kumi, akaingia, akafunga zipu mpaka chini. Verlyn alipindua ndoo akaketi nje, theluji ikimtua mabegani bila kuyeyuka. Arlys aliwasha hita ndogo ya gesi. Alikula mkate bapa wa viazi wenye siagi na sukari, akateremsha mshipi, na kwa muda wa saa mbili hakuna mtu aliyemwambia neno. Alikuwa na furaha. Alisema baadaye kwamba alikuwa na furaha mpaka akaona aibu.

Saa tisa na nusu ufito ulipinda.

"Mkubwa huyo," Verlyn alisema kutoka nje. "Lete, mama."

"Mlango umefungwa."

"Atakuponyoka."

"Na aponyoke!"

Akavuta. Alimwachia mshipi samaki alipokimbia, akaukusanya alipochoka, vile alivyotazama wengine wakifanya miaka yote. Nje Verlyn aliinuka kwenye ndoo. Kisha kichwa cha wolai kikatokeza kwenye tundu, kipana, macho meupe, na chini yake ukatokeza mkono uliovaa glavu ya sufu aliyoifuma Arlys mwenyewe. Ulikuwa umemshika samaki barabara, ukamsukuma juu na kumlaza kwenye barafu karibu na kiatu chake.

"Nimekushikia," sauti ya Verlyn ilisema kutoka majini.

Arlys alikaa akiutazama ule mkono. Akalia kidogo, akapangusa pua, akazima hita.

Dukani Darwin alimpima samaki: inchi thelathini na moja. Verlyn alisimama mbele ya ukuta akichuruzika maji, samaki mikononi, kwa kuwa ndivyo alivyosimama kila mara.

"Nimemvuta mimi, Darwin," alisema Arlys.

"Najua, shemeji. Lakini kibali chenu cha kuvua, cha mke na mume, kina jina lake juu, na kinakwisha mwisho wa Februari. Shika tepu hapo."

Arlys alishika tepu. Picha ilibandikwa siku hiyo hiyo, ya saba. Darwin aliitazama akaridhika.

"Mwaka huu umetoka vizuri," alisema. "Kiganja chako kinaonekana chote."

Kesho yake Arlys alirudi na tepu yake akaomba keekee ndogo kuliko ile. Darwin alisema anayo ya inchi nane, ya inchi sita na ya inchi tano. Arlys alimwambia Verlyn anyooshe mkono na glavu yake, naye akaunyoosha, tena akamwonyesha mahali pa kuweka tepu ili kipimo kisidanganye. Upana wake ulikuwa inchi tano na nusu.

"Nipe ya inchi tano," alisema Arlys.

"Shemeji, kwenye tundu la inchi tano samaki wa maana hapiti. Utapata vidagaa tu."

"Najua."

Darwin aliishusha keekee kutoka ukutani, akaifunga kwa karatasi na kumpa. Arlys alikuwa ameshaipokea kwa mikono miwili.

"Lete, mama," alisema Verlyn, "itakuchosha." Akaichukua, akambebea hadi kwenye gari.