Mafaili Kumi na Moja ya Walt

Miezi miwili baada ya mazishi, Lorna Petrusiak aliibeba kompyuta ya marehemu mumewe hadi maktaba ya mji wao wa Flin Flon, kaskazini mwa Kanada. Kwenye folda ambayo Walt aliiita Sauti kulikuwa na mafaili kumi na moja yenye majina ya namba tupu. Kila alipoligusa moja, kompyuta ilimwambia haijui ni la aina gani.

Delphine, mkutubi waliyejuana naye miaka mingi, alilifungua la kwanza kwa programu ya maandishi. Kioo kikajaa takataka za herufi.

"Achana na hiyo fujo, mama. Tazama mwanzoni kabisa."

Pale juu palisomeka AMR.

"Ni rekodi ya sauti ya simu za zamani," Delphine alisema. "Jina unaweza kulipa lolote, ila aina yake imejiandika humo ndani."

Akaongeza herufi hizo mwishoni mwa jina, akamvika Lorna hedifoni.

Sauti ya Walt ikaja, nzito, ikikatwa na kikohozi. "Irena, dada yangu, majibu yametoka. Ni mapafu. Mwaka mmoja, labda usifike. Lorna usimwambie."

Tarehe ya faili ilikuwa ya Aprili mwaka uliopita. Majira ya baridi yaliyofuata Lorna alikuwa akizoa theluji mlangoni peke yake, huku Walt amekaa ndani ya gari, naye akimwita gogo, mvivu asiye na haya. Walt alikuwa akicheka tu.

Alitoka nje, akampigia simu wifi yake mjini Winnipeg.

"Irena, ulijua tangu Aprili?"

"Aliniapisha, wifi."

"Nami nikamtukana mpaka Januari, alipokufa. Ukaniacha."

"Nilimwambia akwambie. Akasema wote tuliojua tunamtazama kama maiti. Wewe tu ndiye uliyekuwa bado unagombana naye."

Lorna alikata simu bila kuaga. Hakujua kama ule ulikuwa msamaha au kisu. Alisimama kwenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akarudi ndani.

"Yaliyobaki nikufungulie?" Delphine aliuliza kwa sauti ya chini.

"Fungua. Moja moja," Lorna alisema, akivuta kiti. "Lakini usiondoke hapa."