Sakafu ya Mansuri

Mkono wa mwisho wa Mwanahawa uliisha asubuhi, akiwa anachambua mchele uani kwake, Mji Mpya, Morogoro. Ulikuwa umeanza kufupika tangu juma lililotangulia, na alikuwa ameshauzoea. Ungo aliuweka juu ya kigoda, akainama, akawa anaokota mawe kwa ncha za vidole vilivyobaki. Alipouona unakwisha kabisa, kama kipande cha sabuni kinavyokwisha kwenye beseni, alimwita binti yake.

"Sabra, njoo umalizie mchele. Upande huu bado una mawe."

Sabra alikuja, akauvuta ungo. "Mkono umeisha, mama?"

"Umeisha."

Miguu ilikuwa imetangulia, wakati wa masika. Iliungana kwanza, kisha ikapotelea mwilini, na mwili ukarefuka kufidia. Tumboni yakaota magamba mapana, rangi ya majani makavu ya mgomba. Hospitalini daktari aliyapapasa, akasema ngozi ina afya, akaandika dawa ya maumivu ingawa Mwanahawa alimwambia haumwi popote. Jirani yao Maimuna alitaka tu kujua kama zamu ya Mwanahawa ya kupika kwenye harusi ya Jumamosi apewe mtu mwingine. Fundi cherehani alimshonea gauni lisilo na mikono, lililo wazi upande wa chini, na Sabra akawa anamfunga ushungi kila asubuhi.

Mumewe, Mansuri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, alilipokea jambo lile vizuri kuliko wote. Asubuhi alimbeba mkewe kutoka kitandani hadi uani, jioni akamrudisha. Hakuwahi kumbeba hata siku walipooana.

"Sasa utapumzika," alimwambia. "Miaka yote ulikuwa mtu wa kwenda tu. Mara Mkuyuni, mara shambani kwenu, mara kwa mdogo wako Pili. Mungu amekupumzisha."

"Sijachoka," alijibu Mwanahawa.

Siku moja alilazwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, kivuli kikahama, jua likamkuta. Aliita, lakini Sabra alikuwa sokoni. Basi akajaribu kwenda mwenyewe. Nguvu alikuwa nazo tele. Alijipinda huku na huku mpaka akatoka kwenye mkeka, na bado akawa anahangaika palepale, akipasha vumbi moto. Kisha ubavu wake ukagusa tofali lililosahauliwa na mafundi. Akalisukuma. Tofali halikwenda, yeye akaenda.

Hapo akaelewa. Mwili usio na miguu hauendi kwa nguvu zake peke yake. Lazima upate kitu cha kuusukumia, jiwe, mzizi, shina la nyasi. Ubavu huu unasukuma hapa, ubavu ule unasukuma pale, na mwili wote unapita mahali kilipopita kichwa, kama maji yanavyofuata mfereji. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefika kwenye kivuli cha mpapai. Aliporudi Sabra na kapu lake, alimkuta mama yake anacheka peke yake.

Mengine aliyajua kwa kwenda. Kwenye mtaro mwembamba alibana nusu ya nyuma ya mwili kwenye kuta zote mbili, akanyoosha ya mbele, kisha akabana ya mbele na kuvuta ya nyuma. Kwenye njia tambarare alikwenda akiwa amenyooka kabisa, magamba yakinyanyuka na kushika ardhi fungu kwa fungu, na aliyemtazama kwa juu aliona gauni tu linakwenda. Kwenye mchanga wa mtoni, ambao haushikiki, alijirusha upandeupande, akigusa hapa na pale tu, na nyuma yake ikabaki mistari iliyolala kama vipago vya ngazi.

Mtaa ulimzoea upesi. Bodaboda walimpigia honi kama wanavyompigia mtu yeyote. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, mama Sabra," naye akaitika marahaba bila kusimama. Kwa Maimuna alipewa chai kwa mrija. Mansuri aliporudi kutoka dukani na kumkosa uani, aliuliza yuko wapi, na alipoambiwa, aliukunja mkeka wake mtupu.

Ndipo ikaja habari kwamba ukoo utakaa kikao huko juu ya Mkuyuni. Mtu mmoja wa Dar es Salaam alilitaka shamba lao la mlimani, lenye karafuu, migomba na maporomoko madogo ya maji, ajenge hoteli. Shamba lilikuwa la upande wa mama, na katika tumbo la mama yao Mwanahawa ndiye mkubwa. Bila neno lake halitoki. Mansuri alikuwa ameshazungumza na mnunuzi. Saruji yote ya hoteli, nondo na mabati, vingetoka dukani kwake.

"Nitakwenda kukusemea," alimwambia mkewe.

"Nitakwenda mwenyewe."

"Kwa gari gani, mama Sabra?"

Siku ya kuamkia kikao aliondoka baada ya sala ya alfajiri. Dereva wa bodaboda alikataa kumpakia, akamuuliza kwa adabu atajishikia wapi, naye akaona swali ni la haki. Akafuata ukingo wa barabara, akapita Bigwa, akafika Kiroka jua likizama. Mwanamke asiyemjua alimlaza sebuleni kwake, akamlisha ugali kwa mkono wake. Kesho yake akapanda mlima. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya udongo mwekundu ilikuwa inateleza. Watu wenye viatu walishikilia migomba, wakianguka na kuinuka. Mwanahawa alijisokota kwenye mizizi, akawapita mmoja baada ya mwingine, akiwaamkia.

Wazee walikuwa wameketi nje kwa mjomba Sufiani, mkuu wa ukoo. Mmoja wao alimuuliza kama ametumwa na Kolelo, yule nyoka wa pangoni, ambaye mababu walikuwa wakimwomba mvua. Mwanahawa akasema hajatumwa na mtu, amekuja kwenye kikao. Wakampisha kivulini. Mansuri na mnunuzi walikuwa wameshafika kwa gari.

"Nani amekubeba?" Mansuri aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekuja mwenyewe."

Mansuri alisimama, akaenda hadi ukingo wa uwanja, akatazama njiani. Alama ya tumbo la mkewe ilionekana wazi kwenye udongo, ikipinda na kupinduka mpaka bondeni. Akarudi kuketi.

Mnunuzi alizungumzia ajira, wageni na umeme. Alipomaliza, mjomba Sufiani akageuka. "Haya, Mwanahawa. Wewe wasemaje?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama amezikwa pale kwenye migomba. Pili anakula pale, na wanawe wanakula pale. Shamba haliuzwi."

Pili, mdogo wake, alitazama chini akaitikia kwa kichwa. Kikao kikaisha hapo, wakala ndizi. Mwanahawa alirudishwa mjini kwenye kiti cha nyuma cha gari la mnunuzi.

Muda si mrefu akaja mhadhiri wa mambo ya wanyama kutoka chuo kikuu, kijana mpole aliyeitwa Richard. Alimwamkia Mwanahawa, akaomba ruhusa yake, si ya mumewe, na jambo hilo lilimfurahisha. Alimtazama akizunguka uani, akapiga picha, akachora.

"Mama, wewe si nyoka," alisema. "Nyoka hana kope, hapepesi macho. Wewe unapepesa. Wapo mijusi wasio na miguu. Wewe uko upande wao. Lakini mwendo wako ni wa nyoka hasa, tena wa nyoka wa kila aina. Sijawahi kuona mmoja anayeijua yote."

Mwanahawa alimweleza habari za mtaro na mchanga, na Richard akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio wakati wa mpira. Mansuri alileta soda, akaketi nao.

"Na je," aliuliza, "kuna mahali panapomshinda?"

"Swali zuri sana, mzee." Uso wa Richard uling'aa. "Panapomshinda ni penye ulaini. Unajua, yeye anahitaji kitu cha kusukuma. Mweke juu ya kioo, au sakafu iliyosuguliwa vizuri, isiyo na kitu. Atajikunja kwa nguvu zote na hatatoka alipo. Hata nyoka mwenye nguvu namna gani."

"Kumbe," alisema Mansuri, akamwongezea soda.

Marumaru zililetwa juma lile lile. Mansuri alizichagua mwenyewe dukani kwake, akizipapasa kwa kiganja moja moja, akizikataa zile za kukwaruza ambazo watu huweka bafuni. Alitaka za kung'aa, tena kubwakubwa, ili viungo viwe vichache. Fundi Hamisi alizilaza sebuleni, chumbani, ukumbini na barazani, akaziba viungo mpaka ukucha haukusikia kitu. Viti vilisogezwa hadi ukutani, ili mgonjwa asijigonge. Uani, palipobaki bila marumaru, pakafungwa kwa mlango wa chuma.

"Nisingependa mke wangu asuguke tumbo kwenye saruji," Mansuri aliwaambia majirani waliokuja kuona. Wanawake walivua kandambili mlangoni, wakasikia ubaridi nyayoni. Maimuna alikwenda nyumbani akamuuliza mumewe, mbele ya wageni, angemfanyia yeye kitu gani kama angepotelewa na miguu. Kwenye kikao cha akina mama wa mtaa Mansuri alitajwa kuwa mume wa mfano.

Alikuwa amemlaza Mwanahawa katikati ya sebule. Mwanahawa alianza na mwendo wa kawaida. Mwili ulifanya mawimbi mazuri kutoka shingoni hadi mkiani, yakapita moja baada ya jingine, na pua yake ilikuwa inatazama mguu uleule wa meza. Akajinyoosha, akajaribu kushika kwa magamba. Yakateleza kama vijiko kwenye sahani. Akajaribu kubana, lakini kuta zilikuwa mbali. Akajirusha upandeupande, akazunguka kama feni, akasimama akitazama upande mwingine.

"Mansuri, nitoe nje."

"Nje kuna jua."

"Mansuri."

"Pumzika, mama Sabra."

Sabra alipomletea uji, mama yake alisema, "Nitandikie mkeka. Mmoja tu, mpaka mlangoni."

"Baba amesema mikeka inaleta vumbi."

"Na wewe unasemaje?"

Sabra alipuliza uji, ingawa haukuwa wa moto. Posa yake ilikuwa imepokelewa, na baba yake ndiye aliyekuwa anagharamia ukumbi. "Mama, harusi iko karibu," alisema. "Sitaki kugombana na baba sasa hivi." Akamlisha vizuri, akamfuta midomo, akamchana nywele.

Richard alirudi baada ya hapo na kamera kubwa zaidi. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akatazama chini, akatazama viti vilivyopangwa ukutani, akamtazama Mwanahawa.

"Sakafu imependeza," alisema.

"Mwanangu, nisogeze hadi kizingitini. Nitaendelea mwenyewe."

Richard aligeuka. Mansuri alikuwa ameegemea mlango wa chumbani.

"Labda tumuulize mzee kwanza," alisema Richard. Mzee akasema si vizuri kumsumbua mgonjwa. Richard akaomba, basi, ampige picha akiwa pale pale, kwa kuwa mwendo wa kwenye sakafu laini ndio uliokuwa umepungua kwenye kazi yake. Alipiga picha. Alishukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaondoka, na wala hakuonekana tena mtaani.

Ukoo ukakaa tena. Mwanahawa alizipata habari zake kwa Pili, aliyeshuka kutoka mlimani siku ya mvua na mkungu wa ndizi kichwani. Pili aliingia pekupeku, akamkuta dada yake katikati ya sebule, akaketi mbali kidogo naye.

"Mjomba aliuliza yuko wapi mwenyewe," alisimulia. "Shemeji akasema hawezi kutembea, hali yake mnaijua."

"Hakuna aliyesema nilifika mara ya kwanza?"

"Wote walijua, dada."

"Nimeuliza kama kuna aliyesema."

Pili alipindapinda pindo la kanga. Mnunuzi alikuwa amewapelekea mabati kabla ya kikao, wa kwanza mjomba Sufiani, na yeye Pili hakusahauliwa. Nyumba yake ilikuwa inavuja tangu alipofiwa na mume. "Mjomba akauliza nani atamsemea. Shemeji akasema, mimi mumewe. Akakusemea." Akalikunjua pindo, akaongeza, "Mama watamhamisha kwa heshima. Wameahidi."

Mwanahawa hakulia. Alikuwa anatazama sakafu. Kutoka mlangoni hadi alipoketi Pili palikuwa na nyayo, na udongo mwekundu wa mlimani ulikuwa unaanza kukauka kwenye marumaru, wenye chembechembe za mchanga. Unyayo wa karibu ulikuwa kwenye ubavu wake. Alijilegeza, akaupima kwa gamba moja, kisha akasukuma. Mwili ukasogea. Akaufikia unyayo wa pili, akausukuma na huo, kichwa chake kikaelekea mlangoni.

"Pili," alisema taratibu, "usiinuke. Kaa hapo hapo."

Lakini nje kikohozi cha Mansuri kilisikika, na mlango wa chuma ukalia. Pili aliruka, akaona alichokifanya juu ya sakafu ile nyeupe, akashika mdomo. Akachukua ncha ya kanga, akapiga magoti, akarudi kinyumenyume hadi kizingitini, akifuta nyayo zake moja moja mpaka pakang'aa.

"Samahani, shemeji," alisema. "Nimekuchafulia."