Hodi Mlimani

Kinyozi alipotangaza kwamba atashiriki mbio za mlimani, wa kwanza kucheka alikuwa mteja mwenye povu nusu ya uso, na kicheko hicho nusura kimgharimu sikio. Wa pili alikuwa mke wake.

"Wewe? Wewe unayehema ukipanda kitandani?"

Hakukosea sana. Kinyozi alikuwa mtu wa kusimama, si wa kwenda. Lakini alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mama mkwe.

Sikilizeni vizuri, maana mama huyu hakuwa mkorofi. Afadhali angekuwa mkorofi, mkorofi unajua pa kumkwepea. Huyu alikuwa na adabu ya kumnyonga mtu. Tangu amwoze binti yake, miaka mitatu sasa, kila kinyozi alipokwenda kwake alipewa kiti kizuri, kikombe chenye kisahani, na swali lile lile: "Mgeni hajambo?" Akinyanyuka kutoa vyombo, anaambiwa mgeni akae. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mkwe jembe lake alilificha uvunguni.

Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva, na kila mwaka alikimbia mbio za mlimani na kurudi na medali, akaitundika kwenye kioo cha gari la wanafunzi.

"Nikimaliza mbio hizo," kinyozi alimwambia mkewe, "atanihesabu mtu wa nyumbani."

"Au atakuhesabu marehemu," mkewe akajibu, akamfungia kamba za viatu hata hivyo.

Wa kumnoa alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, aliyekuja kunyolewa ndevu. "Mlima haupandwi kwa miguu," alisema akiwa amelazwa kichwa nyuma, shingo wazi. "Unapandwa kwa akili. Miguu inafuata tu."

Habari hiyo ilimpendeza sana kinyozi. Akili haivimbi goti wala haihitaji kuamka alfajiri.

"Kwanza ujifunze kuiona njia kabla hujafika," mwalimu akaendelea. "Unafumba macho, unajiona unapanda."

Kinyozi akafumba macho papo hapo, wembe mkononi, akaanza kupanda.

"Si sasa!" mwalimu alinong'ona, akiogopa hata kumeza mate.

Wiki zile duka liligeuka darasa la ajabu. Kinyozi alijisemesha kwa sauti: "Hujachoka. Uchovu ni habari, si amri." Wateja wakauliza nani kachoka. Alikimbia pia, tusimwonee. Asubuhi alizunguka tangi la maji mpaka mbwa wa mtaa wakamzoea. Lakini nguvu zake nyingi alizimalizia kichwani. Mwalimu alimwambia kila baya liandaliwe jibu mapema. Mvua ikinyesha, atacheka. Msuli ukikaza, atatembea akivuta pumzi. Akianguka, ainuke kabla aibu haijainuka. Na nguvu zikimwisha kabisa, achague mgongo wa mtu aliye mbele, autundikie macho, umvute mpaka juu.

"Kuna baya lolote tumelisahau?" kinyozi aliuliza.

"Hakuna," alisema mwalimu, ambaye alikuwa kapera.

Siku ya mbio mvua ilinyesha, kinyozi akacheka. Msuli ulikaza, akatembea. Alianguka kwenye tope na kuinuka haraka hata aliyekuwa nyuma yake hakujua. Mafunzo yalimshangaza mwenyewe kwa kufanya kazi. Msitu ulipokwisha, njia ikawa nyembamba, mwamba kushoto na bonde kulia, na mwinuko ukawa mkali kweli. Nguvu zikaanza kumwaga kwaheri. Akatafuta mgongo. Ulikuwepo mmoja, hatua chache mbele, unakwenda polepole, na koti lake lilikuwa na maandishi makubwa: MWANAFUNZI. WEKA UMBALI.

Lilikuwa koti la shule ya udereva, na mwenye koti alikuwa mama mkwe.

Kinyozi aliyaondoa macho pale kama mtu aliyegusa jiko la moto. Alijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kumfikia. Sasa ayaweke wapi macho hayo? Kwenye mwinuko kama ule, aliye mbele yako hakai usawa wa kutazamwa na mkwewe. Wenye wakwe mmenielewa. Wasio nao waulize. Akatazama angani, akajikwaa. Akatazama bondeni, akapata kizunguzungu. Mwishowe akapanda akiusoma ule mwamba kama gazeti.

Nyuma yake wakimbiaji wakaanza kurundikana.

"Pita basi, kaka!"

"Hapapitiki."

"Nafasi si hiyo hapo?"

"Nafasi ipo. Lakini huyo ni mama mkwe wangu."

"Aliyemzaa mkeo?" mtu aliuliza taratibu.

"Mwenyewe."

Habari ikateremka mlima, mdomo kwa mdomo. Watu walioapa kupambana mpaka tone la mwisho wakapanga foleni wamenyamaza kama wako kliniki. Mmoja alivua kofia.

Tatizo ni kwamba juu kulikuwa na lango, na saa sita lingefungwa. Atakayelikosa anarudi na lori, bila medali. Mama mmoja kwenye foleni uvumilivu ukamwishia.

"Sasa wote turudi na lori kwa ajili ya ndoa yako? Mpigie hodi!"

"Hapa mlimani?"

"Kwani kwa mkweo huwa unaingiaje?"

Kinyozi akapekua majibu yake yote ya kichwani, asipate. Akakohoa. "Hodi, mama."

Hatua za mbele zikasimama. "Karibu," sauti ikajibu, maana malezi ni malezi. "Ni mgeni?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumbani salama?"

"Salama, mama."

"Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana."

"Jamani, saa!" mtu akalia huko nyuma.

Mama mkwe akajibanza kwenye mwamba. Wakapita wote, kila mmoja na shikamoo yake, na yeye akamwitikia kila mmoja, hakuruka hata mtu. Kinyozi akabaki wa mwisho. Ndipo alipoona mama amesimama kwa mguu mmoja, na goti la pili limevimba.

"Mama, goti!"

"Goti gani? Mgeni apite." Akatazama pembeni. "Nimekuona tangu msituni. Nikasema bora nife kuliko mgeni anikute nimekaa chini nalia."

Kinyozi moyo ulimuuma. Kumbe yeye alikuwa anamkimbia mama, na mama anamkimbia yeye. Kumshika mkono hakuthubutu. Akapita mbele, akamletea nyuma mkanda wa mfuko wake wa maji.

"Shika hapo, mama. Mimi sitatazama nyuma."

Mama akafikiri kidogo. "Kukokota gari bovu kuna sheria zake," alisema. "Usikate kona ghafla." Akashika.

Walipanda hivyo. Kinyozi hakupata hata nafasi ya kujisemesha, kwa kuwa mwalimu wa udereva alikuwa kazini. "Gia ndogo! Nani kakufundisha kupanda mlima kwa gia kubwa? Kushoto! Kushoto kwako wewe!" Walifika langoni msimamizi akiwa tayari ameshika kamba ya kulifunga, filimbi mdomoni.

"Wahini, wahini! Hapo hapo, simameni. Mbona mmeshikana?" Akaitoa filimbi. "Kumsaidia mtu mliyekutana njiani, ruksa. Ndugu kukokotana, hapana. Mwaka jana kuna ukoo ulimbeba babu yao mpaka akashinda. Mnajuana ninyi?"

Kinyozi aliuona upenyo. Mama aseme neno moja tu, lile lile alilolisema miaka mitatu, na wote wawili wamepita. Medali zilikuwa zinaning'inia hapo kwenye meza. Akamnong'oneza, uso bado mbele: "Sema tu ni mgeni, mama. Sitakasirika."

Mama mkwe alizitazama medali. Kisha akautazama ule mgongo uliolowa tope na jasho, ambao haukugeuka njia nzima.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Nimempa binti yangu. Futa majina yote mawili, bwana, usitupotezee muda."

Kinyozi aliangua kilio pale pale, kilio cha mtu mzima, hadi kamasi. Msimamizi alimwonea huruma, akampigapiga begani.

"Pole, ndugu yangu. Usilie hivyo. Mwakani utaipata."

Ndani ya lori mama mkwe alinyoosha mguu wake juu ya benchi. Kinyozi naye akakaa pembeni kwa adabu, mikono magotini, kama alivyozoea.

"Mbona umekaa?" mama akamkaripia. "Huoni mwenzako ana kiu? Shuka ukanitafutie maji, na barafu ya goti. Na usizubae njiani!"

Kinyozi aliruka chini, akatoka mbio, na kwa kasi ile, kama angekuwa nayo tangu asubuhi, angeshinda.