Mkwe wa Chuma

Kwa jina la Mwenye kuviumba viungo na kuvipa amri, Ajuaye maumivu ya asiyesema, inaanza habari hii. Na rehema zimshukie Mtume Wake, na kila amwoneaye mgonjwa huruma.

Waliomo ni hawa. Yupo mama, mshonaji wa nguo kwa miaka mingi, ambaye kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono pamoja na nusu ya uso, kikamwachia ulimi mzito na akili timamu. Yupo bintiye, msaidizi wa wagonjwa katika kampuni changa inayounda roboti za tiba. Yupo meneja, kijana mwenye adabu na haraka, mwanzilishi wa kampuni hiyo. Yupo dereva wa lori aliyestaafu, mgonjwa wa bega, anayengoja zamu yake. Na upo mtambo wenyewe, mkono wa chuma uliofungwa ubavuni mwa kiti, ambao wagonjwa wameupa jina la Mkwe.

Asubuhi hiyo binti alikuwa akifuta mikanda ya kiti kwa dawa. Wageni wenye mitaji walikuwa njiani. Wakiridhika, kampuni itaendelea, wasiporidhika, itafungwa. Na mama hakuwa na pengine pa kutibiwa, kwa maana chumba cha mazoezi katika hospitali ya umma kilikwisha kutiwa kufuli, na watabibu wake wameambiwa waende makwao, mashine zinakuja.

"Mama," alinong'ona akimfunga mkanda, "nakuomba, leo usilalamike mbele ya wageni. Ukipiga kelele tumekwisha, mimi na wewe."

"Nikiumia?"

"Vumilia kidogo tu. Mkwe ataona usoni, atapunguza mwenyewe."

Mama alitabasamu kwa upande wake mzima. "Mkwe gani huyu, anashika mkono hata salamu hajatoa?"

Dereva, aliyekuwa kwenye benchi karibu na mlango, akacheka. "Na mahari hajaleta, mama! Mkatalie!"

Wageni wakaingia, wote wanaume, wamevaa suti, wakapangwa kwenye viti upande wa kushoto. Mama akafanya alilolifanya tangu usichana wake kila walipoingia wanaume asiowajua: kwa mkono wake mzima aliuvuta mtandio, akalifunika shavu la kushoto, akaushikilia hapo.

"Mgonjwa hahitaji kusema neno," meneja alieleza. "Kamera hii inasoma maumivu usoni. Akikunja uso, mtambo unalegeza. Akitulia, unaongeza nguvu."

Akabonyeza. Mkono wa chuma ukaunyanyua mkono wa mama polepole, kama mtu anyanyuaye nguo iliyoloa. Taa kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa ya kijani, maana yake hakuna maumivu. Wageni waliitikia kwa vichwa. Mkono ukapita kifua, ukafika begani.

Ndipo binti alipoiona ndara ya mguu wa kushoto. Ilikuwa ikisugua sakafu, na vidole vya mama vimekunjika vikiuma mpira wake. Akatazama uso. Akatazama mtandio. Kamera ilikuwa ikiiona ile nusu iliyokufa peke yake, nusu isiyoweza kukunjamana hata kwa moto, na Mkwe, kwa kuuona utulivu ule, alikuwa akizidi kuongeza nguvu.

Kifungo chekundu cha kusimamisha kilikuwa karibu na kiganja chake. Alimtazama meneja. Meneja alitabasamu, kisha akatikisa kichwa kidogo sana: hapana. Binti akaiona kazi yake, chumba chao cha kupanga, ile kufuli ya hospitali. Akangoja. Mola amsamehe, alingoja.

Bega la mama likatoa mlio mdogo, kama mshono ufumukao.

Binti akakipiga kifungo kwa ngumi. Mtambo ukanyamaza.

"Mmeona?" meneja aliwahi, akionyesha kioo. "Kijani mpaka mwisho. Aliyesimamisha ni binadamu. Mtambo haukukosea."

Mmoja wa wageni akainama. "Mama, umeumia?"

Mama alimgeukia bintiye, macho yakimwuliza kama sasa ameruhusiwa. Na binti aliushika mtandio kwa ncha akauteremsha. Nusu iliyo hai ya uso ilikuwa imekunjamana yote, imeloa machozi na jasho, na mdomo umeumwa hadi ukatoka damu.

Mgeni yule akatazama viatu vyake. Wenzake wakaomba waonyeshwe maabara.

Meneja alibaki nyuma kidogo. Hakufoka. "Dada, mpeleke mama akapumzike," alisema kwa upole. "Msije mpaka tutakapowaita." Halafu, akitazama mlango waliotokea wageni: "Anayefuata aandaliwe. Watarudi sasa hivi."

Binti alimtoa mama kwa kumkumbatia kiunoni. Walipofika kwenye benchi, mama akasema kwa ulimi wake mzito, "Nimevumilia vizuri?"

Binti akamshika dereva mkono. "Baba, usiingie. Nakuomba."

"Niende wapi, mwanangu? Kule si kuna kufuli?" Alijitahidi kucheka. "Mimi uso wangu wote unafanya kazi. Nitamkunjia mpaka aogope yeye." Lakini alipoinuka, kofia yake ilimdondoka asiiokote. Mlango ukafungwa nyuma yake. Kikasikika kishindo cha mkanda ukifungwa.

Ewe Mola usiyehitaji kamera, wahifadhi waliobaki kwenye benchi lile. Uwaone usoni pande zote mbili, uwatie sauti siku watakapoihitaji, na mikono yao uiweke mikononi mwa wenye kukuogopa. Amina.