Wapuliza Uji wa Mfalme

Katika nchi ya Malishoni kila mmoja alikuwa na kazi yake, na kazi ya wafungwa ilikuwa kupuliza uji. Mfalme Nyati hakupenda kuungua ulimi, wala kungoja hakupenda. Basi kila asubuhi sufuria ilipelekwa gerezani, wafungwa wakaizunguka, wakapuliza mpaka uji ukapoa. Ndipo ukapelekwa barazani, Mfalme na wakubwa wake wakanywa.

Kikaja kikohozi. Kilianzia mtoni, kikapanda vilimani, kikaua wadogo kwa wakubwa. Mfalme akatoa amri. Anayekohoa asikanyage baraza, na atakayekohoa humo ndani afungiwe gerezani mpaka apone. Kisha akaongeza ya huruma: mfungwa mgonjwa ataachiwa akaugulie kwake, mradi aje barazani mwenyewe, ugonjwa wake uonekane. Wakubwa wakapiga makofi kwa yote.

Mzee Digidigi alikuwa ndani kwa kosa la kula majani ya uani kwa Mfalme. Kifua kilimbana hata akawa analala ameketi. Kila alipoletwa barazani, Kifaru wa mlangoni alimsikia akikohoa, akamrudisha. Mwisho akaja mkewe.

"Shikamooni, wakubwa," akasema Bi Digidigi. "Namwombea mume wangu. Akiendelea kukaa mle, mtanikabidhi maiti."

Mfalme akamgeukia Fisi, mkuu wa gereza. "Eti una wagonjwa?"

"Gerezani hakuna mgonjwa, Mtukufu. Ni vumbi tu."

"Na wale mliowafungia kwa kukohoa?" akauliza Bi Digidigi.

"Walipona njiani, mama."

Baraza zima likacheka. Bi Digidigi hakucheka. Alikuwa akitazama mabakuli yao.

"Uji wa leo kaupuliza nani?"

Kicheko kikakatika. Mfalme alikuwa ameshakunywa nusu.

"Nimepita gerezani asubuhi," akaendelea. "Nimemwona mume wangu ameinamia sufuria. Anapuliza, anakohoa, anapuliza."

Mabakuli yakawekwa chini taratibu, kama vile yana nyoka.

"Fisi," akasema Mfalme. "Umesema hakuna mgonjwa, sivyo?"

"Hakuna, Mtukufu."

"Basi kunywa. Na huu wangu umalizie."

Fisi akashika bakuli. Alitabasamu, akalizungusha, akalinusa. "Mimi... leo nimefunga, Mtukufu."

"Wewe? Tangu lini? Kunywa!"

Akainua bakuli mpaka mdomoni. Hapo kikohozi kikasikika.

Wote wakamgeukia Bi Digidigi. Hakuwa yeye. Kikasikika tena, kizito, kikatikisa kiti cha enzi.

Wakubwa wakarudi nyuma hadi ukutani. Kifaru, ambaye maisha yake yote alijua kutii amri tu, akasogea mbele. "Anayekohoa, gerezani."

"We! Unajua unasema na nani?"

"Amri ni yako, Mtukufu," akasema Fisi, akiweka bakuli chini haraka. "Tena tuliipigia makofi."

Mfalme akatazama huku na huku. Jana wangegombania kumfuta jasho. Leo hakuna aliyemsogelea. Akasema kwa sauti ndogo, "Mle ndani nitakufa. Watoeni wagonjwa kwanza."

"Wagonjwa gani, Mtukufu?" akauliza Bi Digidigi.

Fisi akaangalia kwato za Mfalme, kisha dari.

"Wote!" Mfalme akafoka, kikohozi kikimkaba. "Wote waliomo! Watoeni!"

Malango yakafunguliwa. Walitoka wameshikana, wengine wamebebwa. Kuna waliotolewa wamefunikwa, wakazikwa jioni ile. Bi Digidigi alimpata mzee wake karibu na sufuria, akamwegemeza begani, wakaondoka polepole.

Mfalme akafungiwa humo peke yake, akasukumiwa uji chini ya mlango, unatokota. Akaita. Akaita tena. Akakaa akiutazama.

Nyumbani, Bi Digidigi naye alikoroga uji, akauweka mbele ya mumewe. Mzee akaliinamia bakuli, akavuta pumzi ili apulize.

Mkewe akalisogeza pembeni.

"Acha, mzee wangu. Utapoa wenyewe."